Nusu Inchi ya Upande wa Kushoto

Fundi alikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikaa juu ya meza ya kukatia, limechakaa, lina madoa ya chai na vumbi la chaki, na mteja yeyote aliyeingia chumba cha cherehani angeweza kulifungua akasoma kiuno cha jirani yake. La pili lilikaa ndani ya droo ya cherehani, chini ya bobini na sindano zilizovunjika. Hilo lilikuwa la mtu mmoja tu, dada yake.

Dada yake alifundisha darasa la tatu, basi kila mtu alimwita Mwalimu, hata mume wake akiwa amenuna. Mdogo wake wa kike naye akawa Fundi. Walizaliwa wawili tu, tumbo moja, na wazazi wote walishatangulia. Fundi akiwa na miaka kumi na minne alimshonea dada yake gauni la kwanza kabisa, likatoka mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mwalimu akalivaa hivyo hivyo, akatoka nalo, na akiulizwa anajibu ndiyo mtindo umeingia, nyie bado hamjafikiwa. Ndivyo walivyokuwa hao wawili. Mmoja akikosea, mwingine anavaa.

Sasa fungua hilo daftari la droo. Kurasa nyingi za mwanzo ni mabega, kiuno, urefu, mambo ya kawaida. Halafu unafika ukurasa mmoja ambapo mstari wa kifua umegawanywa mara mbili, kulia na kushoto, kila upande na kipimo chake, kuanzia katikati ya kifua mpaka chini ya kwapa. Kulia, kumi na moja. Kushoto, nane na nusu. Pembeni Fundi ameandika kwa penseli, herufi ndogo kama anaona aibu: bapa.

Mwalimu alikuwa ametolewa titi la kushoto kwa ajili ya saratani. Akapewa dawa za dripu mpaka nywele zikaisha, akachomwa na mionzi mpaka ngozi ikawa nyeusi kama sufuria, na akapona. Wakaambiwa amepona. Fundi akamshonea pedi ya kuvalia ndani, akaijaza mchele ili iwe na uzito wa kweli. Siku moja Mwalimu anaandika ubaoni, mkono juu, pedi ikapanda ikafika karibu na bega. Darasa zima likakodoa macho. Mwalimu akageuka, akaishusha kwa mkono mmoja, chaki bado iko kwenye mwingine, akasema, "Msishangae. Mwalimu wenu ana vitu vinavyosafiri. Tuendelee na kuzidisha."

Alipokuja kumsimulia Fundi walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu Mwalimu akaitoa ile pedi, akaiweka juu ya meza.

"Nimechoka, mdogo wangu," akasema. "Nimechoka kubeba mchele."

Hivyo ndivyo walivyofika kwa daktari mmoja wa kurudishia matiti kwa mafuta ya mwili. Daktari mwenyewe alikuwa mama mfupi, miwani imepanda kwenye paji la uso. Chumba chake kidogo, kitanda kimetandikwa karatasi, mizani, pazia la kijani, na feni iliyogeuza kichwa huku na huku kama inakataa kila unachosema.

"Tunanyonya mafuta tumboni au mapajani kwa mrija mwembamba," daktari akaeleza, "tunayasafisha, halafu tunayarudisha kifuani kwa sindano. Kidogo kidogo, hapa na pale, kama mtu anayepanda mbegu."

"Daktari, hapa tumboni pana shamba zima," Mwalimu akasema. "Chukua tu. Yakibaki mpe huyu mdogo wangu, amekaa kama rula."

"Ya mtu ni ya mtu. Hayaazimwi."

"Haya, Rula, umekosa."

Fundi akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwa dada yake, maana alijua anapotania sana ana swali limemkaa kooni. Likatoka. "Haya mafuta, daktari. Hayawezi kwenda kuamsha kile kilicholala?"

Daktari akaishusha miwani, akamtazama vizuri. "Hilo ndilo swali la kila anayekaa hapo. Wanawake wengi wamefuatiliwa, miaka na miaka, waliowekewa mafuta na wasiowekewa. Mpaka leo haijaonekana kwamba waliowekewa ugonjwa unawarudia zaidi. Lakini sikwambii kwamba hautarudi. Ugonjwa ule ukitaka kurudi unarudi, una mafuta au huna."

"Hasara yake nini?"

"Mengine hayashiki. Mwili unayanywa, titi linapungua, tunarudia. Mengine yanafia humo ndani, yanakuwa vinundu vigumu. Na kumbuka ni mafuta ya mwili wako, ukikonda nayo yanakonda."

Mwalimu akaenda nyumbani akafikiria mwezi mzima. Shangazi yao, ambaye alikuwa na maoni hata kuhusu mvua, akasema mtu aliyeponea chupuchupu hachezi tena na kifua chake. Mume wa Mwalimu, shemeji yake Fundi, mtu wa maneno machache, akasema, "Mimi sijawahi kulalamika. Lakini kama unataka, nitakusindikiza." Mwalimu akataka.

Akafanyiwa mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili ilipita nusu mwaka. Siku ya kutoka hospitali mara ya pili, Mwalimu yuko nyuma ya pazia anavaa, anagombana na vifungo, daktari akamvuta Fundi kando mlangoni.

"Wewe ndiye unayemshonea, siyo? Utamgusa huyu kuliko mimi. Basi sikiliza. Kinundu chochote kipya, hata kidogo, asisubiri tarehe yake. Aje. Vingi ni mafuta yaliyokufa, lakini kwa vidole huwezi kujua. Wewe huwezi, na mimi siwezi. Picha ndiyo inasema, na ikibidi tunachukua kipande kwa sindano. Mwambie."

"Nitamwambia," Fundi akasema.

Na alitaka kumwambia, haki ya Mungu. Ila Mwalimu akatoka nyuma ya pazia. Amevaa blauzi ya kawaida, haina pedi, haina mchele, na pande zote mbili blauzi imejaa. Akasimama mbele ya kioo kidogo cha juu ya sinki, akainuka kwa vidole vya miguu apate kujiona. Hakusema utani wowote. Fundi akamtazama anavyojitazama, na maneno ya daktari yakateleza kama uzi ambao haukufungwa fundo.

Baada ya hapo daftari likawa na furaha. Kila mwezi Mwalimu anapita kwenye chumba cha cherehani akitoka shule, mlango unafungwa, futikamba inashuka. Kushoto, kumi na robo tatu. Mwezi uliofuata kumi na nusu. Halafu kumi na robo, na hapo pakatulia, miezi minne mfululizo. Daktari naye akampima mwenyewe, akampiga picha, akasema pako safi, rudi baada ya mwaka.

Halafu ikaja ile siku. Mwalimu ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu. Kuna siku ya kukabidhiwa shule, wazazi watakuja, wakubwa watakuja, na yeye anataka gauni la bluu linalobana. Miaka mitano hajavaa gauni linalobana. Fundi akapima kulia, kumi na moja. Akapima kushoto. Akapima tena.

"Nini?" Mwalimu akauliza. "Yamepungua? Sema tu, nimezoea."

"Yameongezeka. Kumi na robo tatu."

"Acha utani."

"Nusu inchi nzima, Dada."

"Yameshika," Mwalimu akasema taratibu. Halafu akaanza kucheza pale pale, kifua wazi, futikamba shingoni, huku akiimba wimbo wa kuzidisha wa darasa la tatu. Nusu inchi. Fundi akaiandika daftarini akaizungushia duara mara mbili.

Wiki ya pili wakajaribisha gauni. Fundi amepiga magoti, pini kinywani, anabana mshono wa ubavuni, na kidole chake kikapita juu ya kitu. Kigumu, kidogo, kimekaa chini ya ngozi kama kifungo kilichofunikwa kitambaa. Akarudisha kidole. Kipo. Hakikusogea.

Mwalimu naye alihisi kidole kimesimama. "Hicho hata mimi nimekiona nikioga. Ni nini? Daktari alisemaje vile kuhusu vinundu?"

Pale pale, hapo ndipo. Mlango umefungwa, jua limeingia dirishani, kitambaa cha bluu kinang'aa, siku tisa zimebaki. Dada yake amesimama kama malkia. Fundi aliyakumbuka maneno ya mlangoni yote, moja baada ya jingine. Akawaza, nikimwambia leo hatalala, atakwenda kukabidhiwa shule na uso wa mgonjwa. Ngoja sherehe ipite.

"Mafuta hayo," akasema na pini kinywani. "Si alisema mengine yanakuwa vinundu."

"Ee, kweli alisema."

Na Fundi akafanya kile ambacho fundi anakifanya kitu kikijitokeza mahali pasipotakiwa. Akauhamisha mshono. Akaachia kidogo chini ya kwapa, akausogeza mkunjo wa kifuani upite pembeni, akatia bitana laini ndani ili pasikwaruze. Gauni likakaa kama limemwagwa. Siku ya sherehe watu walipiga makofi mpaka Mwalimu akasahau hotuba.

Sherehe ikapita. Ikaja mitihani, Mwalimu mkuu hana nafasi hata ya kula. Fundi akajiambia mwezi ujao. Mwezi ujao akapima, akakuta kumi na moja kasoro kidogo, na safari hii hakuzungushia duara. Alishaanza kuogopa, na ule woga wenyewe ndio uliomfunga mdomo, maana sasa akisema itabidi aseme pia lini alijua. Ikapita miezi minne namna hiyo, mpaka Mwalimu alipoanza kukohoa na mgongo kumuuma, na shemeji akamshika mkono bila kumuuliza mtu, akampeleka.

Ugonjwa ulikuwa umerudi, kifuani pale pale, na ulikuwa umeshatembea. Mapafu, mifupa ya mgongo. Daktari mfupi alisema watampa dawa za kumpa muda, na hakusema muda kiasi gani.

Nyumbani kila mtu akawa na mshtakiwa wake, na mshtakiwa wa wote akawa yule yule. Mafuta.

"Nilisema mimi," Shangazi akasema sebuleni, sauti ya kusikika chumbani. "Kitu kimelala, mnakwenda kukilisha mafuta. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo hayo sasa."

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni anakunja shuka. Ile methali ilimpita mwilini kama sindano. Aliendelea kukunja.

Ila aliyeumiza zaidi alikuwa Mwalimu mwenyewe. Hakumlaumu daktari wala Mungu. Alijilaumu yeye. Amelala kwa ubavu, mto umewekwa mgongoni, akasema, "Nilikuwa nimepona. Nilikuwa na mume, nina kazi, watoto wa watu wananipenda na mchele wangu. Nikataka uzuri. Haya, uzuri huu hapa."

"Usiseme hivyo, Dada."

"Niseme vipi?"

Fundi akachukua shuka jingine, akalikunja.

Alasiri moja Mwalimu akamwita. Dirisha wazi, pazia linapepea, dawa zimepangwa juu ya stuli kwa ukubwa kama wanafunzi. Uani shemeji anafua, unasikia maji. Mwalimu akampa simu yake.

"Nishikie. Mkono unatetemeka. Nataka kuwatumia wale wenzangu ujumbe wa sauti."

Wenzake walikuwa kundi la simu, wanawake kama arobaini waliotolewa kama yeye. Kundi liliitwa Bado Tupo. Humo walipeana habari za dawa, za wigi, za waume waliokimbia na waume waliobaki. Fundi aliwajua wengi kwa sauti.

"Unataka kuwaambia nini?"

"Niwaambie ukweli. Yule mwenzetu anayefanya kazi maktaba anakwenda kuwekewa mafuta Jumatatu. Amenifuata mimi, kwa sababu nilituma picha na gauni la bluu. Siwezi kufa nimewanyamazia. Bonyeza."

Fundi akabonyeza. Simu ikaanza kuhesabu sekunde.

"Wenzangu," Mwalimu akaanza, akapumzika, akavuta pumzi. "Ni mimi Mwalimu. Mnajua hali yangu. Nataka kusema jambo moja kabla sijaishiwa sauti. Yale mafuta ndiyo yaliyo..."

Kidole gumba cha Fundi kikateleza. Sekunde zikasimama.

"Imekatika?"

"Nimeikata."

"Kwa nini?"

Fundi akaiweka simu kitandani. "Siyo mafuta, Dada. Ni mimi."

Mwalimu akajiinua kidogo kwenye mto.

Fundi akasema yote. Alianzia mlangoni, kwenye miwani ya daktari na neno mwambie. Akasema kuhusu kioo cha juu ya sinki. Akasema kuhusu siku ya pini, kwamba alikumbuka neno kwa neno, na bado akasema mafuta hayo. Akasema alivyouhamisha mshono. Hakulia, alisema kama mtu anayesoma orodha, maana alijua akilia dada yake ataanza kumbembeleza, na hilo asingelistahimili.

"Daktari alisema tungeuwahi?" Mwalimu akauliza. Sauti ya darasani.

"Nilimwuliza jana. Alisema hajui. Alisema pengine ungerudi hivyo hivyo. Lakini alisema miezi minne ni miezi minne."

"Na mafuta?"

"Alisema hana sababu ya kuyalaumu. Picha ya mwaka ule ilikuwa safi, kinundu kikaja baadaye. Alisema kosa ni kwamba hakikuonyeshwa mapema, na akaniuliza kama ulikuwa hujakihisi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza."

Mwalimu akafumba macho. Fundi akafikiri amelala.

"Mimi miezi yote hii," Mwalimu akasema, macho bado yamefumbwa, "nimelala hapa najichukia. Nikijiangalia kifua nakitemea mate. Na wewe umekaa hapo kwenye kiti, unakunja shuka."

"Ndiyo, Dada."

"Toka."

"Dada..."

"Toka, mdogo wangu. Niitie mume wangu."

Akatoka. Alimpita shemeji uani, mikono yake imejaa povu, akamwambia anaitwa, akaendelea mpaka barabarani bila viatu vyake.

Siku tatu hakuitwa. Alishona sketi za wateja, akakosea mbili. Siku ya pili simu yake ililia, ni lile kundi, maana Mwalimu alikuwa amemwingiza humo tangu zamani ili awapimie pedi. Akasikiliza amesimama kando ya cherehani.

"Wenzangu, ni mimi Mwalimu. Yule wa maktaba, nenda Jumatatu yako. Mimi nilikaa na titi langu mwaka mmoja na nusu, lilinipendeza, na sijutii. Ila nisikilizeni. Kinundu kikitokea, usimwonyeshe dada yako, wala mume wako, wala fundi wako. Wanakupenda hao, watakwambia unachotaka kusikia. Mwonyeshe daktari, kesho yake. Basi. Atakayeandika pole humu namtoa kwenye kundi."

Hakumtaja. Fundi aliusikiliza ujumbe ule mara tano akitafuta jina lake la utani, akitafuta kutukanwa hata kidogo, hakukuta.

Siku ya nne shemeji akaja mwenyewe mpaka mlangoni, viatu vya Fundi mkononi. "Anasema njoo na futikamba. Na daftari."

Alikuta gauni la bluu limetandikwa kitandani. Mwalimu amekaa, mito mitatu nyuma, amekonda kiasi kwamba gauni lenyewe lilionekana ni la mtu mwingine.

"Nilipunguzie," akasema. "Nataka kulivaa Jumamosi, walimu wenzangu wanakuja. Sitaki kuonekana nimevaa pazia."

Fundi akapima. Kulia, tisa. Kushoto, tisa na robo. Vilikuwa havijawahi kukaribiana namna ile, miaka yote ile waliyohangaika. Alikisema kile kipimo kwa sauti ndogo, na Mwalimu akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Ona sasa. Karibu tulingane."

Kidole chake kikafika pale chini ya kwapa. Kipo, na sasa si kimoja. Fundi akaondoa mkono haraka.

"Andika," Mwalimu akasema.

"Nimeshaandika, Dada. Tisa na tisa na robo."

"Siyo hivyo. Rudi nyuma, kwenye siku ya kujaribisha gauni. Andika ulichokigusa."

Fundi akafungua kurasa. Akapita ukurasa wenye duara mara mbili, akakuta tarehe ile, na chini yake palikuwa na nafasi nyeupe. Alikuwa ameiacha bila kujua kwa nini. Akatoa penseli sikioni. Alihangaika kwa muda, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri, halafu akaandika: kinundu, kushoto, chini ya mshono, kama kifungo.

"Soma."

Akasoma.

"Ongeza, kigumu."

Akaongeza, kigumu.

Mwalimu akaunyoosha mkono, akalichukua daftari, akalisogeza karibu na uso kama anavyosahihisha. Akaangalia muda mrefu. Hakuweka alama yoyote. Akalifunga, akaliweka chini ya mto wake, siyo kwenye droo ya mtu tena, halafu akainua mikono yote miwili juu, taratibu kwa sababu ya maumivu, kama alivyokuwa akiinua tangu Fundi ana miaka kumi na minne.

"Haya," akasema. "Nivalishe tuone pa kupunguza."